Kwa nini Hanshin huwapisha wanafunzi kila Agosti: msimu wa besiboli nchini Japani

SWALI: Mwanangu yuko kidato cha pili hapa Dar es Salaam na amejiunga na timu ya besiboli ya shule. Mwalimu wa kujitolea kutoka Japani aliyewafundisha alikuwa hachoki kuwatajia Koshien. Nimetafuta mtandaoni nikakutana na ligi ya kulipwa, vyuo vikuu, timu za kampuni, hata timu ya taifa, vyote ndani ya mwaka mmoja. Msimu wao hasa unaendaje? Na kwa nini watu wazima wanalia kwa ajili ya mashindano ya wanafunzi kuliko ya wachezaji wanaolipwa?

JIBU: Asante kwa swali, dada yangu. Nitaanza na nusu yake ya pili, maana ukishaielewa hiyo, ratiba ya mwaka mzima haitakusumbua.

Koshien ni uwanja. Upo Nishinomiya, mkoa wa Hyogo, kati ya Osaka na Kobe, na ulifunguliwa tarehe 1 Agosti 1924 kwa ajili ya mashindano ya shule, ambayo yalianza 1915 na kufikia hapo yalikuwa hayatoshi tena katika viwanja vya zamani. Klabu ya kulipwa ya Hanshin Tigers, ambayo leo ndiyo yenye uwanja huo kama nyumbani, ilianzishwa 1935. Wanafunzi ndio waliotangulia kuingia, na nafasi yao haijawahi kuchukuliwa. Kila Agosti Hanshin hufungasha vifaa, ikaenda kucheza ugenini au katika uwanja mwingine mjini Osaka hadi shule zimalize. Ni kama Simba na Yanga waambiwe wautoke Uwanja wa Mkapa kwa wiki kadhaa, katikati ya mbio za ubingwa, ili kuipisha UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, na mashabiki wao wakaona hiyo ndiyo haki yenyewe.

Sasa angalia hesabu ya mashindano hayo. Timu takriban 3,500 za shule za sekondari ya juu huanza mchujo mwezi Juni na Julai. Kila mkoa kati ya mikoa 47 hutoa mwakilishi mmoja, isipokuwa Hokkaido na Tokyo zinazotoa wawili wawili, kwa hiyo shule 49 ndizo zinazofika Koshien. Kuanzia mchezo wa kwanza wa mkoa mpaka fainali, ukifungwa mara moja umekwenda nyumbani. Sekondari ya juu ni miaka mitatu, na kwa kijana wa mwaka wa tatu siku timu yake inapofungwa ndiyo siku anapoivua jezi ya shule kwa mara ya mwisho. Katika timu zile zote, ni moja tu inayomaliza kiangazi bila kupoteza. Wengi wao hawatacheza besiboli ya ushindani tena maishani. Mtu mzima anayelia mbele ya runinga alikuwa mmoja wao, au kaka yake alikuwa, au mtoto wa jirani yake yumo uwanjani saa hiyo. NHK, shirika la utangazaji la umma la Japani, huonyesha kila mchezo, tangu asubuhi.

Huenda mwanao ameonyeshwa picha za vijana waliopiga magoti wakichota udongo mweusi wa Koshien na kuutia katika mifuko. Hao ndio waliofungwa. Mwaka 1958 shule ya Shuri kutoka Okinawa ilifika huko kwa mara ya kwanza, wakati visiwa vyao vikiwa bado chini ya utawala wa Marekani. Waliporudi, sheria za karantini za mimea na udongo zilikataza mzigo ule, na udongo wao ukatupwa baharini. Wafanyakazi wa shirika la ndege waliposikia habari hiyo waliokota kokoto za Koshien wakawapelekea, kwa kuwa mawe hayakukatazwa. Kokoto hizo zimo katika mnara wa kumbukumbu shuleni hapo mpaka leo. Mwalimu wa Kijapani anapolitaja jina Koshien ana mambo kama hayo kichwani, na si ajabu kwamba hata mashindano ya taifa ya shule hapa Tanzania yaliitwa Tanzania Koshien.

Kwa ratiba, nitakupitisha katika mwaka 2023, kwa sababu ngazi zote ziligusana mwaka ule kuliko mwaka mwingine wowote ninaoufahamu.

Tarehe 1 Februari klabu zote 12 za kulipwa huingia kambini, nyingi Okinawa na Miyazaki kwenye joto kidogo. Mwaka 2023 kambi zilikatizwa na mashindano ya dunia ya besiboli ya mwezi Machi, ambayo Japani ilishinda michezo yake yote saba. Fainali ilichezwa Miami, Japani ikaishinda Marekani 3-2, na nyota wa Japani Shohei Ohtani akamaliza kazi kwa kumtoa Mmarekani Mike Trout, aliyekuwa mwenzake katika klabu moja, kwa straiki tatu, yaani mipira mitatu halali ambayo mpigaji hakuweza kuipiga. Wengi wanaikumbuka picha hiyo. Mimi nakumbuka zaidi usiku wa tarehe 11 Machi mjini Tokyo, dhidi ya Jamhuri ya Cheki. Mrushaji wa Japani alikuwa Roki Sasaki, aliyefiwa na baba yake na babu na bibi yake katika tsunami ya tarehe hiyohiyo mwaka 2011. Wacheki wengi walikuwa na ajira za kawaida nje ya mchezo. Mrushaji wao Ondřej Satoria, fundi wa umeme, alimtoa Ohtani mwenyewe kwa straiki. Watazamaji wa Tokyo waliwapigia makofi kama watu wa kwao, na utaona baadaye kwa nini mchezaji mwenye kazi nyingine si kitu kigeni Japani.

Timu ya taifa ilipokuwa bado Marekani, Koshien ilikuwa tayari imejaa. Machi kuna mashindano ya majira ya kuchipua, ambayo shule hualikwa na kamati kwa kutazama hasa matokeo ya mashindano ya kanda ya vuli iliyotangulia. Yamanashi Gakuin ilishinda fainali 7-3 dhidi ya Hotoku Gakuen, na mkoa wa Yamanashi ukapata ubingwa wake wa kwanza wa Koshien.

Ligi ya kulipwa huanza mwishoni mwa Machi na kwenda hadi mwanzoni mwa Oktoba. Klabu sita ziko Ligi ya Central, sita Ligi ya Pacific, na kila moja hucheza michezo 143. Mchezo una zamu tisa. Katika kila zamu timu hupiga mpaka wapigaji wake watatu watolewe. Zamu zikifika 12 bado mmelingana, mnagawana sare, jambo ambalo Wamarekani hawalijui katika ligi yao. Katika Pacific mrushaji hapigi, hupigiwa na mtu maalumu. Central mwaka ule mrushaji alipiga mwenyewe, na ligi hiyo itabadilika 2027. Kati ya Mei na Juni ligi mbili hukutana kwa michezo 18 kwa kila klabu, mwezi Julai kuna michezo ya nyota wa ligi hizo mbili, kisha mbio zinaendelea.

Hapa nataka nikutajie watu wawili wa kisiwa kimoja, kwa sababu wao wanaeleza mfumo huu vizuri kuliko mchoro wowote. Kisiwa ni Awaji, mkoa uleule wa Hyogo.

Wa kwanza ni mrushaji Shoki Murakami. Akiwa shule ya Chiben Gakuen ya Nara alishinda Koshien ya majira ya kuchipua ya 2016, na katika fainali yenyewe pigo la ushindi lilikuwa lake. Klabu za kulipwa hazikumgombea. Alikwenda Chuo Kikuu cha Toyo, akachaguliwa na Hanshin katika raundi ya tano ya drafti, siku ambayo klabu huchagua wachezaji wapya, mwaka 2020, na hadi 2023 inaanza hakuwa na ushindi hata mmoja katika ligi kuu. Tarehe 12 Aprili alipewa mpira dhidi ya Giants, klabu ya Tokyo, mjini kwao. Kwa zamu saba hakuna mpinzani hata mmoja aliyefika besi, vile vituo ambavyo mpigaji huvizunguka ili apate pointi. Alikuwa amerusha mipira 84 tu, Hanshin inaongoza 1-0, na kocha mkuu Akinobu Okada akamtoa. Aliyempokea akapigwa homurani, pigo linalovusha mpira nje ya uwanja, pointi zikawa sawa, na Hanshin ikashinda katika zamu ya kumi. Nchi nzima ilibishana. Naamini Okada alifanya vibaya kwa usiku ule, na vema kwa mwaka mzima: Murakami alimaliza msimu na ushindi 10 na wastani wa pointi 1.75 alizofungwa kwa kila zamu tisa, akawa mchezaji bora na pia chipukizi bora wa Central kwa mwaka mmoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika ligi hiyo.

Wa pili ni Koji Chikamoto, anayelinda eneo la kati la nyuma. Yeye alipita shule, Chuo Kikuu cha Kwansei Gakuin, kisha akaajiriwa Osaka Gas na kuchezea timu ya kampuni. Hapo ndipo penye ngazi ambayo wageni wengi hawaijui kabisa. Makampuni ya Kijapani yana timu za besiboli ambazo wachezaji wake ni waajiriwa, na mashindano yao makubwa, yaliyoanza 1927, huchezwa ukumbini Tokyo Dome kila mwaka. Timu haiwakilishi kampuni tu, inawakilisha mji wake, na wafanyakazi huja kwa maelfu na bendi na vibwagizo vyao. Kuna kanuni moja ninayoipenda sana: timu iliyofuzu kutoka kanda fulani inaruhusiwa kuazima wachezaji hadi watatu kutoka timu zilizotolewa katika kanda hiyo. Mtu uliyemfunga Juni anavaa jezi yako Julai, kwa sababu sasa mnabeba jina la kanda moja. Mwaka 2018 Osaka Gas walichukua ubingwa, Chikamoto akawa mchezaji bora, na Hanshin wakamchukua katika raundi ya kwanza vuli ile. Mwaka 2023 ubingwa wa kampuni ulikwenda kwa Toyota ya mji wa Toyota. Kama nitalaumiwa kwa kuusifu mno mchezo wa kampuni, na iwe hivyo. Pale ndipo utakapomwona mtu wa miaka 35 akikimbilia besi ya kwanza kwa nguvu zote, na Jumatatu yuko ofisini.

Vyuo vikuu navyo vina misimu miwili kwa mwaka, kipupwe kikiisha na vuli. Ligi maarufu zaidi ni ya vyuo sita vya Tokyo, iliyoundwa 1925: Waseda, Keio, Meiji, Hosei, Rikkyo na Chuo Kikuu cha Tokyo. Waseda na Keio walikutana kwa mara ya kwanza 1903, muda mrefu kabla ligi ya kulipwa haijafikiriwa, na mpaka leo mchezo wao ndio unaofunga msimu katika uwanja wa Meiji Jingu. Okada, kocha mkuu wa Hanshin mwaka ule, alikuwa zamani mpigaji mashuhuri wa Waseda. Unaona sasa kwamba hizi si ngazi za chini na za juu kwa maana tuliyoizoea. Mtu mmoja huzipitia zote, na kila moja ina ubingwa unaotosha kuwa kilele cha maisha.

Turudi Agosti 2023. Shule ya Keio, yenye uhusiano na chuo kikuu cha jina hilo, iliingia Koshien na vijana wenye nywele. Usicheke dada, jambo hili lilikuwa zito. Kwa miongo mingi mchezaji wa besiboli wa sekondari alinyoa kipara, akamwitikia kocha kwa sauti moja, akafanya mazoezi bila mapumziko. Kocha wa Keio, Takahiko Moribayashi, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, aliwafundisha vijana wake kufikiri wenyewe na kuufurahia mchezo, na kila mtu alichagua nywele zake. Fainali ilikuwa dhidi ya Sendai Ikuei, bingwa mtetezi, aliyekuwa ameipa kanda ya Tohoku ubingwa wake wa kwanza mwaka uliotangulia. Mpigaji wa kwanza wa Keio alipiga homurani kabla watu hawajatulia vitini, kitu ambacho hakikuwahi kutokea kufungua fainali ya kiangazi. Keio ikashinda 8-2. Ubingwa wao wa mwisho ulikuwa wa 1916, miaka 107 nyuma. Sendai Ikuei walipanga mstari wakawapigia makofi washindi, na nidhamu hiyo nayo ni sehemu ya somo.

Kiangazi hicho pia waliongeza mapumziko ya dakika kumi baada ya zamu ya tano ili vijana wapoe, na 2024 wakaanza kugawa baadhi ya siku katika michezo ya asubuhi na ya jioni. Joto la Agosti la eneo lile ni kali, nami naona hatua hizo zimechelewa. Kama timu ya mwanao ina wasichana, waambie kuwa tangu 2021 fainali ya taifa ya kiangazi ya shule za wasichana huchezwa Koshien vilevile.

Hanshin, waliokuwa wamefukuzwa nyumbani kwa wiki hizo, walitumia Agosti kushinda michezo 10 mfululizo. Mwaka wote Okada hakuwa na mbinu za kushangaza. Aliwapa wachezaji nafasi zao akawaacha humo humo, na aliuomba uongozi wa klabu uongeze thamani ya kutembezwa hadi besi ya kwanza kwa mipira minne mibaya wakati wa kukadiria mishahara. Mchezaji akijua kwamba subira inalipwa, anasubiri. Waliongoza ligi kwa kutembezwa, na subira hiyo ikazaa pointi.

Tarehe 14 Septemba, nyumbani Koshien, waliifunga Giants na kuchukua Central kwa mara ya kwanza tangu 2005. Zamu ya tisa ilipofika, mrushaji wa kufunga mchezo, Suguru Iwazaki, aliingia kwa wimbo ambao haukuwa wake. Ulikuwa wa Shintaro Yokota, aliyesajiliwa naye mwaka mmoja, ambaye uvimbe wa ubongo ulimkatisha mchezo na kumuua Julai 2023 akiwa na miaka 28. Uwanja mzima uliuimba. Timu iliporusha kocha juu kwa furaha, jezi ya Yokota namba 24 ilikuwa mikononi mwao. Kwa hiyo si kwa wanafunzi tu kwamba watu wazima hulia.

Oktoba timu tatu za juu za kila ligi hucheza mtoano. Bingwa wa ligi hukaa nyumbani na huanza na ushindi mmoja mkononi, utaratibu ninaoukubali, kwa sababu michezo 143 haistahili kufutwa na siku tatu mbaya. Hanshin na Orix Buffaloes wakapita, na kwa mara ya kwanza tangu 1964 fainali ya Japani ikawa ya majirani wa eneo la Osaka. Ilikwenda michezo saba. Yoshinobu Yamamoto wa Orix, ambaye mwaka ule alitwaa tuzo ya mrushaji bora na ya mchezaji bora wa Pacific kwa mwaka wa tatu mfululizo, alipigwa vibaya mchezo wa kwanza, Hanshin wakashinda 8-0. Mchezo wa nne ndio uliogeuza mambo: zamu ya nane, pointi 3-3, Orix wana watu wawili kwenye besi, na Okada akamwita Atsuki Yuasa aliyekuwa nje kwa majeraha tangu Juni. Akarusha mpira mmoja tu, mpigaji akatoka, na sauti ya Koshien ikabadilika. Hanshin wakashinda 4-3. Yamamoto alijibu katika mchezo wa sita kwa kurusha zamu zote tisa na kuwatoa watu 14 kwa straiki, rekodi ya fainali hizo. Lakini wa saba Hanshin walishinda 7-1, Chikamoto akapiga mapigo manne na kuwa mchezaji bora wa fainali. Mara ya mwisho Hanshin kuwa bingwa wa Japani ilikuwa 1985, na Okada alikuwa mchezaji wa timu ile.

Novemba vyuo na shule hukutana Meiji Jingu kufunga mwaka. Keio, safari hii chuo kikuu, waliishinda Aoyama Gakuin 2-0, kwa hiyo jina hilo lilibeba vikombe viwili vikubwa ndani ya miezi mitatu.

Katikati ya hayo, mwishoni mwa Oktoba, kuna drafti. Klabu zikimtaka mchezaji mmoja kwa pamoja, wawakilishi hupanda jukwaani na kuchomoa karatasi kwenye boksi. Kijana wa sekondari lazima kwanza awasilishe fomu ya kutangaza nia, na 2023 jina lililosubiriwa kuliko yote halikuwemo: Rintaro Sasaki wa Hanamaki Higashi, shule aliyosoma Ohtani, mwenye homurani 140 katika miaka yake ya sekondari. Alichagua Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, kusoma na kucheza. Watu wa zamani walisikitika. Mimi nilifurahi, kwa sababu njia za kwenda juu zimeongezeka na mtoto amepewa nafasi ya kuchagua.

Ukitaka mwanao aangalie kitu kimoja cha mwaka huo, mtafutie mchezo wa sita wa fainali, Yamamoto akirusha: mwili umetulia, hakuna papara. Ila kuna jambo moja asiliige. Usiku ule Yamamoto alirusha mipira 138, naye ni mtu mzima aliyejengwa kwa miaka. Katika Koshien ya 2018 kijana wa shule ya kilimo ya Kanaashi, Kosei Yoshida, alirusha mipira 881 katika mashindano hayo peke yake, akashangiliwa kama shujaa, na wakubwa wakaona haya. Tangu 2020 mrushaji wa sekondari Japani haruhusiwi kuzidi mipira 500 ndani ya wiki moja, na wataalamu wengi wanaona hata hiyo ni mingi mno. Mwanao ni mdogo kuliko vijana wale. Kama ndiye mrushaji wa timu, muulize kocha wake ni nani anayehesabu mipira, na hesabu inaandikwa wapi. Akisema bega au kiwiko kinauma, apumzike siku hiyohiyo, hata kama kesho ni fainali.